Boxer yenye kilomita 71,000: iuzwe hapa, ivushwe mpaka, au mita irudishwe nyuma?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Rombo. Nina pikipiki ya Boxer BM 150 niliyoinunua mpya mwaka 2019. Haijawahi kukaa kijiweni. Ni ya kwenda shuleni, shamba na kanisani, na mara mojamoja Moshi. Mita inasoma 71,000 na kadi ni ya jina langu. Nataka kuiuza nimalizie ujenzi. Mpya dukani nimeambiwa 3,200,000. Dalali wa hapa mjini Mkuu amenipa 1,100,000, anasema kilomita ni nyingi mno. Shemeji yangu aliyeko Loitokitok anasema upande wa Kenya ya namna hii inakwenda kwa zaidi, niivushe. Mdogo wangu yuko Ujerumani, ananitumia matangazo ya pikipiki zenye kilomita 80,000 zinazouzwa kwa maelfu ya yuro, anashangaa kwa nini sisi tunaogopa kilomita. Na fundi wangu anasema nimpe 20,000 airudishe mita hadi 28,000. Nishike lipi?

JIBU: Mwalimu, nianze na la fundi, maana hilo ukiliharibu, mengine hayatakuwa na maana. Asiiguse mita.

Sikukatazi kwa ajili ya uadilifu tu, ingawa kumuuzia mtu kwa namba ya kughushi ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, na kanuni ya adhabu inalitaja kosa hilo wazi. Nakukataza kwa kuwa ni biashara mbovu. Utatoa 20,000 ili uondokewe na kitu ambacho wengi wanaouza Boxer hapo Mkuu hawana: mita inayosema kweli.

Ifikirie mita yenyewe. Ya BM 150 haina kompyuta. Kuna waya unaotoka kwenye gurudumu la mbele, unazungushwa na gia ndogo iliyo kwenye habu, unapanda hadi kwenye dashibodi na kusukuma namba. Waya huo hukatika. Bei yake si kitu, lakini dereva wa kijiweni hana haraka ya kununua mwingine, kwa sababu abiria halipi kwa kilomita zilizosomwa. Pikipiki inatembea mwaka mzima na namba haijasogea. Kwa hiyo mnunuzi yeyote aliyewahi kumiliki Boxer akikuta ya mwaka 2019 inasoma 28,000, hasemi "mama huyu kaitunza." Anasema waya ulikatika zamani, au mita imechezewa. Anainama kutazama meno ya sproketi, mpira wa kiki ulivyolika, alama za viganja kwenye mshikio wa mafuta, na palepale anashusha bei kwa kiasi ambacho hutakirudisha kwa maneno.

Sasa hesabu anayoijua dalali asiyotaka uipige. Bodaboda wa mjini anayefanya kazi kutwa hupita kilomita 100 kwa siku bila jasho. Zidisha kwa siku 300: ni 30,000 kwa mwaka. Pikipiki ya rika la yako iliyoshinda kijiweni miaka yote hiyo imepita 150,000 na zaidi, hata kama mita yake inasoma 43,000 na haijasogea tangu enzi za korona. Yako ina 71,000 za kweli, za mtu mmoja, bila mishikaki ya abiria watatu. Dalali anaitaja namba hiyo kwa sababu ni ndefu na inamtisha muuzaji. Akishainunua, kwa mteja wake ataisifia namba ileile.

Hapo ndipo swali la mdogo wako linapoingia, na ni swali zuri kuliko alivyodhani. Ulaya nako wanaogopa kilomita. Muulize bei ya pikipiki aina ileile, mwaka uleule, yenye 20,000, ataona tofauti. Wengi kule huendesha kwa starehe, majira ya joto tu, kwa hiyo mtu anaweza kumaliza miaka kumi hajafika 50,000. Ikishapita hapo, wauzaji wengi wa maduka huanza kukunja uso. (Akikutumia tangazo la Uingereza au Marekani, mwambie atazame kama ni maili. 50,000 za maili ni kilomita 80,000.)

Tofauti ya kwanza iko kwenye chombo. Hizo anazokutumia nahisi ni pikipiki za safari ndefu, injini ya cc 1,000 au 1,200, zinazokwenda kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu bila kujikamua. Injini yako ni cc 144.8. Ikibeba watu wawili na gunia la ndizi kutoka Himo kupanda Mkuu, iko karibu na mwisho wa nguvu zake njia nzima. Kilomita moja ya huku imekula chuma kuliko kilomita moja ya kule. Ongeza vumbi la barabara za shamba linalopita kwenye kichujio cha hewa ambacho wengi wetu tunakipiga upepo kwa mdomo na kukirudisha.

Tofauti ya pili ndiyo yenye fedha. Kule kilomita zina shahidi. Uingereza, pikipiki ikifikisha miaka mitatu inapelekwa kila mwaka kwenye ukaguzi uitwao MOT. Mkaguzi anaandika kilomita au maili zilizosomwa siku hiyo, na mnunuzi yeyote anaandika namba ya pikipiki kwenye tovuti ya serikali na kuiona historia hiyo bure. Ujerumani ukaguzi ni kila baada ya miaka miwili, mmiliki makini ana kitabu cha huduma chenye mihuri, na tangu mwaka 2005 kuchezea mita ni kosa la jinai lenye kifungu chake. Marekani walitunga sheria ya nchi nzima ya kuzuia kurudisha mita mwaka 1972. Mtu anayenunua ya kilomita 80,000 kule hanunui imani. Anaona 12,000, kisha 21,000, kisha 33,000, zimepangana, na anajua analipia nini.

Huku kwetu hakuna aliyeandika. Ada ya kila mwaka ya leseni ya chombo ilifutwa mwaka 2017, na hata ilipokuwepo haikumtuma mtu kusoma mita. Bima haiulizi. Stika ya polisi ya Nenda kwa Usalama haina historia ya mita ambayo mnunuzi anaweza kuifungua. Basi soko letu limejifundisha kutoiamini mita na kuamini mambo mawili: sikio la fundi na kadi. Kazi yako, mwalimu, ni kumpa mnunuzi huyo asiyeamini kitu cha kuamini. Ukiweza, hizo 71,000 zitakuongezea bei.

Kuhusu kuipeleka Ulaya yenyewe, asisumbuke. Tangu mwaka 2017 pikipiki mpya zaidi ya cc 125 zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima ziwe na breki za ABS, zinazozuia gurudumu kujifunga ghafla, na masharti yao ya moshi yamekazwa zaidi tangu yako iundwe kwa mtindo huu wa kabureta. Nauli ya meli peke yake ingekula bei yote.

Mpaka wa Tarakea ndio unaostahili muda, kwa sababu shemeji yako hasemi uongo. Inawezekana kabisa kwamba Boxer aliyoiona Loitokitok inatajwa bei ya juu kuliko yako ukibadilisha shilingi. Lakini angalia anachouza yule Mkenya. Anauza pikipiki, namba ya KM, na uhamisho wa umiliki unaofanyika kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, hadi logbook, yaani kadi ya kule, ije kwa jina la mnunuzi. Wewe ukivuka na namba ya MC, una chuma tu.

Ili iwe halali kule inabidi ufute usajili wake huku TRA, uitoe kama mzigo unaouzwa nje, kisha iingizwe Kenya kama pikipiki ya kigeni. Watu wengi hudhani kwa kuwa wote tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki, kodi iliyolipwa Dar es Salaam inatosha. Msamaha wa forodha kati yetu ni wa bidhaa zenye asili ya Jumuiya, zenye cheti cha asili. Mahindi yako ya Rombo yana asili hiyo. Boxer iliyotoka India haina, hata kama imekanyaga ardhi ya Tanzania miaka yote hii. Upande wa pili wataitathmini upya: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa ambao Kenya huutoza kwa pikipiki zinazoingizwa, VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uingizaji, tozo ya reli, halafu ukaguzi na usajili. Kwa chombo cha milioni moja na nusu, ile faida anayoiona shemeji imekwisha kabla hujafika kwenye namba mpya, na wakala wa forodha bado hujamlipa.

Ndiyo maana wanaovusha kweli huvusha usiku kwa njia za panya. Nimeshakaa na wafanyabiashara wa mpakani vya kutosha kukuambia mwisho wa pikipiki hizo: huendeshwa bila namba vijiji vya ndani, au huvunjwa vipuri. Na mnunuzi wa pikipiki isiyo na karatasi anajua huna pa kumshtaki, kwa hiyo bei anayotoa ni ya chini kuliko ya dalali wako wa Mkuu. Ikikamatwa inataifishwa. Baya zaidi, kwenye mfumo wa TRA bado ni yako. Ikifanyiwa uhalifu, iwe Kenya au ikirudi huku, mtu wa kwanza kugongewa mlango ni mwenye jina kwenye kadi, na mwalimu wa shule ya msingi ni rahisi kupatikana.

Kutembea kule ni jambo jingine. Ukienda kumsalimia shemeji kwa kibali cha muda na bima ya kadi ya njano, hakuna tatizo. Kibali hicho ni cha kuingia na kutoka na pikipiki yako, hakikuruhusu kuiacha kwa mnunuzi.

Kwa nini basi bei ya chombo kimoja ipishane namna hii kati ya majirani? Kodi ni sehemu: VAT ni 16 Kenya na 18 kwetu, Uganda na Rwanda. Sera pia hubadili soko zima. Mwaka 2008 Kenya iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo chini ya cc 250, na wimbi la bodaboda unaloliona leo likaanza hapo. Baadaye msamaha ukaondolewa, lakini pikipiki zilikuwa zimeshajaa na vijana wameshaacha jembe. Mikopo nayo ina mkono wake. Kenya na Uganda, pikipiki nyingi za biashara zinanunuliwa kwa mkopo na mkopeshaji anabaki na logbook mpaka deni liishe. Wanaoshindwa hunyang'anywa, na pikipiki hizo zikiingia sokoni kwa wingi zinashusha bei ya mitumba yote, huku ile yenye logbook safi mkononi ikipanda peke yake. Mtindo huo umeshafika kwetu pia. Kama nawe ulikopa kuinunua, hakikisha mkopeshaji ameondoa jina lake kabla hujatafuta mteja.

Halafu kuna mapenzi ya mahali. Kampala ni mji wa Boxer: kipuri kiko kila kona, fundi anaifungua akiwa amefumba macho, kwa hiyo hata iliyochoka inapata mtu. Kigali wamezoea TVS, wanaendesha upande wa kulia, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria mjini humo haisajiliwi isipokuwa ya umeme. Mwenye pikipiki ya petroli Kigali leo anauza kwa soko lililopunguzwa kwa amri. Chapa na injini ni zilezile, lakini bei zinaamuliwa na mambo ambayo fundi hawezi kuyashika kwa spana. Wewe bahati yako ni kwamba Boxer hapa kwetu bado ina jina. Ungekuwa na chapa isiyojulikana, ambayo duka lililoileta limeshafungwa, ningekuambia upokee ile 1,100,000 kabla dalali hajabadili mawazo.

Sasa bei. Usianze na kilomita, wala usianze na uliyoinunulia. Anza na bei walizouziana watu. Matangazo yatakudanganya, kwa sababu bei ya tangazo ni dua. Waulize walimu wenzako, muuguzi wa zahanati, yule kijana wa duka la vipuri anayejua nani kauza nini mwezi uliopita: kwa shilingi ngapi mkononi? Pata tatu au nne za rika la yako zenye kadi safi. Tuseme, kwa mfano tu, umekuta zimekwenda kati ya 1,500,000 na 1,800,000. Hapo ndipo mnunuzi wako anaanzia, naye anapiga hesabu ya kutoa. Anatoa gharama ya vitu anavyoviona vimeisha: tairi, cheni na sproketi, betri. Kisha anatoa kitu kikubwa kuliko hivyo vyote, nacho ni hofu ya kushusha injini. Block na pistoni, ringi, cheni ya taimingi, valvu, gasketi, ufundi. Akiwaza yote hayo anakata laki kadhaa kwa ugonjwa ambao huenda pikipiki haina. Ile 1,100,000 ya dalali imetengenezwa hivyo: hofu yote imetozwa kwako, na cha juu chake kimewekwa juu.

Kwa hiyo vitu vilivyoisha virekebishe mwenyewe kwa bei ya duka, na hofu iondoe kwa ushahidi.

Kwenye matengenezo uwe bahili mwenye akili. Cheni na sproketi badilisha zote kwa pamoja kama meno yamechongoka. Breki shuu, balbu, indiketa, betri kama starta haishiki: ni fedha ndogo, na kila kimoja kikiwa kibovu mnunuzi anakata mara mbili ya bei yake. Tairi ya nyuma ikiwa kipara badilisha; ya mbele ikiwa na nusu iache. Kaza spoku, angalia sili za shokapu za mbele kama zinatoa oili, na beringi za usukani kama zinagonga ukifunga breki ya mbele na kuisukuma. Mwaga oili utie mpya siku chache kabla, lakini usitumie ile nzito kupita kiasi inayowekwa kuziba mlio. Fundi mzoefu huisikia. Na waya wa mita uwe unafanya kazi siku ya kuuza, tafadhali.

Injini usiifungue. Hata kama fundi anakuambia "tuweke ringi mpya tu iwe safi." Huku "injini haijaguswa" ni sifa inayolipwa, na gasketi mpya inayong'aa kwenye injini ya kilomita 71,000 inauliza maswali ambayo hutaweza kuyajibu. Ukipaka tanki rangi upya nako unajiponza: rangi mpya husema ajali, au wizi. Mikwaruzo yako ya miaka sita iache ionekane. Ioshe kwa sabuni na kitambaa, lakini usiipeleke kwenye mashine ya maji ya presha asubuhi ya mteja. Injini iliyooshwa inadondosha maji inafanana na injini iliyofutwa oili inayovuja.

Ushahidi, sasa. Wewe ni mwalimu, nina hakika una daftari. Andika kila kilichobadilishwa unachokikumbuka na mita ilipokuwa, tafuta risiti, na ujumbe wa simu wa malipo uliyotuma duka la vipuri, maana huo una tarehe ambayo hakuna anayeweza kuibuni. Picha ulizowahi kupiga dashibodi ikionekana ni dhahabu. Kurasa mbili za namna hiyo ndizo MOT yako. Hazitakuwa kamili, lakini mnunuzi akiona 18,000 mwaka huu, 41,000 mwaka ule, na leo 71,000, anatulia.

Mteja akija, akute injini ya baridi. Usiiwashe mapema kumrahisishia. Mwachie aweke kiganja kwenye block ajiridhishe, kisha apige kiki mwenyewe. Ikiwaka kwa kiki moja au mbili bila kuvuta choki muda mrefu, umeshauza nusu. Moshi: asubuhi za baridi za Rombo kuna mvuke mweupe unaotoka kwenye eksozi na kupotea baada ya dakika chache, mweleze asiuogope. Mweusi ni kabureta inayokula mafuta, unarekebishika kwa bei ndogo. Wa bluu unaotoka ukivuta mafuta ghafla baada ya injini kukaa bila kazi, huo ni oili inaungua, na kama yako inautoa ni bora umwambie na kumpunguzia, kwa sababu fundi wake atauona kabla hujamaliza sentensi. Ndiyo, mruhusu aje na fundi wake. Muuzaji anayekataa fundi wa mteja amejibu swali tayari.

Fundi huyo atainama kusoma namba ya injini na ya chesisi. Zisafishe zisomeke na uzilinganishe na kadi wewe mwenyewe leo hii. Namba ya injini iko kwenye kasha la chini, kwa hiyo hata pikipiki iliyobadilishwa block inabaki na namba yake. Namba ikipishana na kadi, biashara imekufa hapo, na usijaribu kuieleza. Ni jambo la kupeleka polisi na TRA kwanza.

Kwa mfano wa bei nilioutoa, ningetaja 1,750,000 na nisingeshuka chini ya 1,500,000 kwa mwezi wa kwanza. Mwezi huo uuchague. Ulaya wanauza baridi ikiisha, jua likianza kutoka, na wanaonunua bei poa hununua wakati wa baridi. Kwetu majira yanafuata mfuko. Januari ni mwezi mbaya kuliko yote: ada, sare, kila mwenye pikipiki anataka kuuza na hakuna anayetaka kununua. Mavuno na malipo ya kahawa husaidia. Lakini kwa Rombo hasa, hakuna wakati kama wiki mbili za kuelekea Krismasi, Wachagga wakirudi kutoka Dar, Arusha na kwingineko wana fedha mkononi na wanataka kumwachia mzee au mdogo wao usafiri. Mtu huyo hana muda wa kuzunguka vijiweni, anataka kitu cha mtu anayefahamika kijijini. Kama ujenzi unaweza kusubiri hadi hapo, usubiri.

Tafuta mtumiaji, usitafute mchuuzi. Afisa ugani, katekista, mwalimu mpya aliyepangiwa shule ya mbali, mwenye duka la jumla. Bodaboda naye anaweza kukupa bei nzuri, hasa anayetaka kutoka kwenye pikipiki ya hesabu, ya tajiri anayemlipa kila siku, awe na yake, ila mara nyingi ataomba mkataba: akupe kidogo kwa siku hadi deni liishe. Jumla ya mkataba hupita bei ya taslimu kwa mbali, na kuna watu wamejenga kwa mikataba. Sikushauri. Wewe una pikipiki moja na unahitaji saruji sasa. Mkataba ni kazi ya mwenye pikipiki kadhaa na muda wa kufuatilia watu jioni. Akikwama mwezi wa tatu, utarudishiwa pikipiki yenye kilomita nyingine 9,000 na kiti kilichochanika.

Kuhusu kukabidhiana nitakuwa mfupi. Kabla ya mteja, ingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa polisi wa madeni ya barabarani uone kama kuna faini usiyoijua. Usiposti picha ya kadi mtandaoni. Ionyeshe uso kwa uso. Akitaka kuijaribu, akuachie mwenzake au fedha, kitambulisho hakitoshi. Malipo yapite benki au kwenye simu, na uangalie salio lenyewe, kwa sababu ujumbe wa kughushi wa "umepokea" ni wa kawaida siku hizi. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na nakala za vitambulisho vya NIDA za wote wawili, namba ya injini na chesisi, saa ya makabidhiano, na kilomita zilizosomwa na mita siku hiyo. Hiyo ya mwisho wengi huisahau. Nakushauri uiandike kwa tarakimu na kwa maneno, ili asiyekuwepo leo asije kusema ulimuuzia ya 28,000.

Kisha mwende pamoja TRA kuhamisha umiliki. Kuna ada ya uhamisho, kadi mpya, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei. Mkubaliane mapema nani analipa, kwa desturi ni mnunuzi. Atakuambia atahamisha mwenyewe akipata nafasi, umpe tu kadi na sahihi. Wengi husema hivyo wakiwa na nia njema kabisa na miaka mitatu baadaye pikipiki imeshauzwa mara mbili, faini zinasoma jina lako na TIN yako. Kama siku hiyo mtandao wa TRA uko chini, mpe pikipiki na nakala ya kadi, baki na kadi halisi, na muandike kwenye mkataba tarehe ya kurudi kumalizia.